Mafunzo ya vita vya mjini yaanze na nyumba zetu wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Mwanza, aliyeandika kwamba vita vya mjini ni elimu mpya iliyoletwa na droni, na kwamba jeshi lolote la Afrika likiitaka halina budi kuinunua kwa wenye nayo. Alisifu sana video za makomando wanaopiga teke mlango na kuingia wanne wanne. Video hizo nami nimeziona. Mjukuu wangu huniletea kwenye simu. Teke ni zuri, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa mwalimu wa askari wa miguu, na kabla ya hapo nilikuwa praiveti niliyeingia Kampala Aprili 1979. Kwa yote mawili naona ndugu yangu ameanzia mwisho.

Vijana wengi wanadhani vita ile ya Tanzania na Idi Amin wa Uganda ilikuwa ya Kagera na mapori tu. Divisheni ya 20 ya jeshi letu, chini ya marehemu Jenerali David Musuguri, ilikuwa imeshapita Masaka Februari, ikapigana Lukaya Machi, ikaingia Entebbe tarehe 7 Aprili. Miezi yote hiyo tulipigana tulivyofundishwa: mizinga inatangulia, askari wa miguu anatembea usiku, adui anazungukwa, tunachimba mahandaki, tunasubiri amri. Tarehe 10 na 11 tukaingia mjini, na mji hakuna aliyekuwa ametufundisha. Kwenye lami handaki utalichimbaje? Baadhi yetu tulikuwa hatujawahi kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne tangu tuzaliwe, na sasa tunaamriwa tuchunge madirisha ya juu. Mitaa hatukuijua. Walioturahisishia njia ni Waganda wenyewe, wapiganaji wa ukombozi tuliokuwa nao pamoja na raia waliotoka majumbani kabla milio haijakoma, wakajaa barabarani wakishangilia, wakitushika mikono, wengine wakitaka kutubebea mabegi. Wakufunzi walikuwa wametuambia habari za mabomu ya kutegwa na wadunguaji. Hawakutuambia kwamba watu wanaokupenda wanaweza kukuzuia njia kuliko adui.

Kampala haikugeuka kifusi. Ningependa kusema ni kwa sababu ya ustadi wetu, lakini sivyo. Jeshi la Amin lilikuwa limeshavunjika moyo, na juu ya hapo kulikuwa na uamuzi uliofanywa na wakubwa: barabara ya mashariki, ile ya Jinja, iliachwa wazi. Mwalimu Nyerere alitaka askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi wapate pa kutokea. Sisi praiveti tulinung'unika. Tulikuwa tumezika wenzetu, na tuliona kama adui anafunguliwa mlango aondoke na silaha zake. Baada ya kufundisha miaka mingi ndipo nilipoona kwamba barabara ile ilifanya kazi kubwa kuliko mizinga yote tuliyoisukuma kutoka Mutukula.

Mlinganishe na Mosul, Iraq. Mashambulizi yalianza Oktoba 2016, na njia ya magharibi, ya kuelekea Tal Afar na Syria, ikafungwa mapema. Wapiganaji wa Dola ya Kiislamu waliobaki ndani hawakuwa na pa kwenda, wakapigana nyumba kwa nyumba hadi Julai 2017. Mji wa kale, upande wa magharibi wa mto Tigris, ulibaki mawe, na maelfu ya raia walifia humo. Sisemi kila adui aachiwe mlango. Wapo ambao ukiwaachia leo, kesho wanachinja kijiji kingine, na Wairaki walikuwa na sababu zao. Nasema uamuzi wa mlango ndio unaoamua askari wa chini atavunja milango mingapi, na video za mjukuu wangu hazionyeshi uamuzi huo.

Sasa kuhusu upya wa elimu hii. Mwaka 1942, Stalingrad, Jenerali Vasily Chuikov wa Jeshi la 62 la Kisovieti aliona kwamba kombania nzima haiwezi kuishi barabarani. Akaunda vikundi vidogo vya kushambulia, vyenye bunduki za rashasha, mabomu ya mkono na mafundi wa baruti, na akawaamuru wakae karibu na Wajerumani kiasi kwamba ndege za Kijerumani zisithubutu kudondosha mabomu. Mwaka uliofuata, Desemba 1943, Wakanada walifika mji mdogo wa Ortona, Italia, wakakuta kila barabara imezibwa kwa kifusi na kulengwa na bunduki. Wakaziacha barabara kabisa. Walitoboa ukuta wa nyumba kwa baruti, wakaingia ya jirani, wakapanda mpaka juu na kushuka wakisafisha chumba kwa chumba, kisha wakatoboa ukuta mwingine. Watu wengi wanaodhani kutoboa kuta ni ujuzi wa makomando wa leo hawajui kwamba ulikuwa tayari ukitumika babu zao wakiwa watoto.

Kinachoniudhi ni jinsi majeshi yanavyosahau. Jeshi la Urusi, warithi wa Chuikov mwenyewe, liliingiza misururu ya vifaru Grozny, mji mkuu wa Chechnya, mkesha wa mwaka mpya wa 1995 kana kwamba linakwenda kwenye gwaride. Wachechnya walikaa kwenye vyumba vya chini ya ardhi na ghorofa za juu. Mzinga wa kifaru hauinuki vya kutosha kulenga ghorofa ya tano iliyo karibu, wala haushuki kulenga kidirisha kilicho usawa wa ardhi. Wakachoma gari la mbele na la nyuma, ya katikati yakakosa pa kupita. Brigedi ya 131 kutoka Maikop ilikaribia kwisha yote pale stesheni ya reli. Walioandika mafunzo ya Stalingrad walikuwa wameyaandika kwa Kirusi, tena lugha ya mama ya maofisa hao. Vitabu vilikuwapo, mazoezi hayakuwapo.

Kwa maoni yangu hatua kubwa kuliko zote haikutoka kwenye vita vikubwa. Ilitoka Ireland ya Kaskazini miaka ya 1970, Waingereza walipoona askari wao wanapotea Belfast, mji wa nchi yao wenyewe. Wakajenga mitaa ya bandia, mmojawapo kambini Sennelager, Ujerumani, uliojulikana kama Tin City. Humo wakaweka watu wa kujifanya raia: anayetukana, anayerusha chupa, mama anayelia kwamba mwanawe amekamatwa, na katikati yao mmoja mwenye bunduki. Mpaka hapo mafunzo yalikuwa yanamfundisha askari namna ya kupiga. Hapo yakaanza kumfundisha lini asipige. Anayedhani la pili ni rahisi aje azungumze na mimi.

Tangu hapo kila taifa lenye fedha limejijengea mji wake wa mazoezi. Wamarekani, baada ya wenzao 18 kuuawa Mogadishu tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, wana kijiji cha mazoezi huko Fort Polk, Louisiana, kinachobeba majina ya askari wawili waliokufa siku ile, Shughart na Gordon. Waisraeli wana mji mzima jangwani Negev, kwenye kambi ya Tze'elim, wenye msikiti na vichochoro. Lakini kisa ninachokipenda ni cha Copehill Down, kwenye nyanda za Salisbury, Uingereza. Kilijengwa miaka ya 1980 kwa mfano wa kijiji cha Ujerumani, kwa kuwa walitarajia kupambana na Warusi huko. Warusi hawakuja. Askari waliojifunza kwenye nyumba zile zenye mapaa ya mteremko mkali, ya kuteremshia theluji, wakajikuta Basra, kwenye joto na mapaa ya bapa ambayo watu wanalala juu yake. Baadaye ikabidi yaongezwe makontena ili pafanane kidogo na mitaa ya watu wengine.

Hilo ndilo ninalotaka ndugu yangu wa Mwanza alione. Mafunzo ya kununuliwa huja na nyumba ya aliyeyauza.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ya Manzese, ya Mwanjelwa, au ya hapo hapo kwake Mabatini. Korido moja inatoka mlango wa mbele hadi uani. Vyumba vitatu kila upande, kila chumba kina familia yake, na mara nyingi mchana mlango wa chumba ni pazia. Uani kuna choo, bomba na majiko ya mkaa, na saa kumi na mbili jioni ndiko waliko akina mama na watoto. Miongozo ya kigeni inasema korido ni mahali pa hatari kwa askari, na ni kweli kabisa. Haisemi kwamba risasi inayopigwa kutoka barazani, ikimkosa aliyelengwa, inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye sufuria ya ugali na aliyeshika mwiko. Kuta nazo tunazijua: tofali zilizofyatuliwa kwa mchanga mwingi na simenti ya kuombea. Risasi ya bunduki ya SMG yaweza kupita chumba hiki ikamkuta mpangaji wa chumba cha pili, ambaye wala hajui kinachogombewa. Mwalimu wa kigeni akisema tupa guruneti kwanza ndipo uingie, anawaza ukuta wa mawe wa Ulaya.

Halafu kuna nondo. Karibu kila mwongozo unamshauri askari aepuke mlango, kwa maana ndiko anakosubiriwa, aingie dirishani au atokee juu. Kwetu dirisha lina nondo. La ghorofa ya tatu lina nondo. Mlango wa mbele una geti la chuma na kufuli mbili, na funguo ziko kwa baba mwenye nyumba ambaye hayupo. Tumeziweka kwa ajili ya wezi, na hatuna haja ya kuombana radhi kwa hilo, lakini risasi zikianza kulia mtaani waliomo ndani hawana pa kutokea ila kwenye mlango ule ule ambao askari ameelekeza bunduki. Ni lini askari wetu amefundishwa kwamba anayekimbia kuelekea kwake kwa nguvu zote, gizani, ana uwezekano mkubwa wa kuwa mpangaji?

Enzi zangu tulichora nyumba kwa chokaa kwenye uwanja wa mpira. Mlango hapa, dirisha pale, kamba kuonyesha ngazi. Askari wanaingia wanne, wanapaza sauti, wanatoka upande wa pili. Nyumba ya chokaa haina giza, haina moshi, haina mtoto chini ya kitanda. Wote walifaulu. Sitaji kambi wala kozi, mambo ya jeshi yabaki ya jeshi, na naamini siku hizi mengi yamebadilika. Lakini kuna wakati ofisa mmoja mwenye akili alituombea nyumba chakavu iliyosubiri kubomolewa, nikaenda kuwaomba mama ntilie wa karibu na kambi wakae vyumbani wakati wa zoezi. Bunduki hazikuwa na risasi, tulizikagua mara mbili mbele yao. Mmoja aliambiwa alale chini kifudifudi akagoma: khanga yake mpya, na sakafu ya vumbi. Koplo akabaki amesimama mlangoni, hajui la kufanya. Alikuwa amefundishwa adui na amefundishwa raia mtiifu. Mama aliyekaa kitandani na kumwuliza yeye ni mtoto wa nani hakuwamo kwenye somo. Wale waliokuwa nyuma yake wakasongamana koridoni, na kama zoezi lile lingekuwa vita tungewapoteza wote wanne. Siku ile moja iliwafundisha kuliko miezi ya chokaa.

Majirani zetu wamelipa kwa damu ili kujua haya, na wanazungumza lugha tunayoielewa. Waganda walifika Mogadishu Machi 2007 kulinda amani kwa niaba ya Umoja wa Afrika, Warundi wakafuata mwishoni mwa mwaka huo, na Kiswahili kilisikika sana kwenye mahandaki yao. Mwanzoni walishika uwanja wa ndege, bandari na mitaa michache. Al-Shabaab walikuwa wakiwapiga kutokea katikati ya watu, kama pale soko la Bakara, nao wakajibu kwa mizinga. Raia waliuawa, mashirika ya haki za binadamu yakalaani, na kila bomu lililoangukia soko lilimpa adui vijana wapya wa kuandikisha. Ilibidi yawekwe masharti makali juu ya lini mzinga upigwe na wapi usipigwe kabisa. Nao wakaingia ndani ya nyumba, wakitoboa kuta na kujaza mifuko ya mchanga, hatua kwa hatua, mpaka Al-Shabaab walipouacha mji tarehe 6 Agosti 2011. Waganda wakayahamishia mafunzo hayo kambini Singo, ili wanaofuata wasiende kujifunzia kwenye mitaa ya Mogadishu. Kuna askari wa Bujumbura na Mbarara wanaoweza kukufundisha vita vya nyumba kwa Kiswahili, tena kwa nauli ya basi.

Kenya nayo. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 21 Septemba 2013: washambuliaji wanne, watu 67 waliuawa, na iliripotiwa sana kwamba polisi wa kikosi cha Recce na wanajeshi walikutana ndani ya jengo lile lile bila kuelewana, hadi kamanda wa polisi akauawa kwa risasi ya wenzake. Hakuna teke la mlango linaloponya hilo. Shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, lilipotokea tarehe 15 Januari 2019 watu 21 waliuawa, na kwa familia zao hakuna hesabu ya nafuu. Hata hivyo watu zaidi ya 700 walitolewa wakiwa hai, na shughuli ikaisha ndani ya siku moja, vikosi vikiwa vimeratibiwa kuliko mara ya kwanza. Kati ya Westgate na Dusit kuna miaka mitano na kitu. Bunduki hazikubadilika sana.

Droni sizidharau. Zimefanya paa kuwa mahali pabaya pa kujificha na zimemnyima askari ile nafuu ya kukaa nyuma ya ukuta akipumua. Walioko Ukraine wanalijua hilo kila saa. Lakini droni inakuonyesha bati. Nani yuko chini ya bati, bado atajua aliyepiga hodi.

Wapo watakaoniuliza: jeshi lijifunze kupigana Manzese ili limpige nani? Ni swali la haki, na atakayelijibu kwa hasira anawatia watu shaka zaidi. Mimi nalijibu hivi. Kulinda amani ya mtaa ni kazi ya polisi, na mwanajeshi akipewa kazi hiyo kwa kukosa mwingine wa kuifanya, mafunzo yake yote ya porini yanakuwa hatari kwa raia. Lakini Dar es Salaam ya sensa ya 1978 ilikuwa na watu 843,090, na ya sensa ya 2022 ina 5,383,728. Adui wa nje akija, au magaidi wakiingia kwenye jengo kama walivyoingia kwa jirani zetu, hawatatusubiri porini. Hata vijana wetu waliotumwa kulinda amani Mashariki mwa Kongo wamekuta vita inapigwa kandokando ya Goma na Sake, si msituni tu. Askari asiyewahi kuona nyumba yenye watu wakati wa zoezi ndiye ninayemwogopa kuliko aliyefundishwa. Na zoezi lenyewe lifanywe mchana, kwa tangazo, mwenyekiti wa mtaa akiwa na habari na wananchi wakiwa ndani yake kama washiriki. Likifanywa kwa siri, kila atakayesikia vishindo ana haki ya kuuliza.

Mahali pa kufanyia hapahitaji mabilioni. Barabara ikipanuliwa au reli ikipita, nyumba zinachorwa X nyekundu. Wenyewe wakishalipwa fidia na kuhama, nyumba hizo husimama miezi mingi zikingoja katapila, zikiwa na korido zake, nondo zake, choo cha uani na kila kitu. Hakuna kiwanda Ulaya kinachoweza kutujengea mfano wa nyumba zetu ulio bora kuliko nyumba zetu. Waziombe. Siku ya kwanza waalikwe Zimamoto, maana wao ndio wana mashine za kukatia nondo na wanajua ni dakika ngapi mtu anavumilia moshi. Waalikwe Msalaba Mwekundu. Wapangaji wa mitaa ya jirani walipwe posho wakae vyumbani, wazee na watoto wakubwa pia, na waruhusiwe kuwa wabishi kama walivyo nyumbani. Bunduki ziwe tupu na zikaguliwe hadharani.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa Divisheni ya 20. Walioandika juu ya Kampala wameandika kwa ngazi ya majenerali na marais. Namna seksheni ya watu kumi, wengi wakiwa vijana wa vijijini, ilivyovuka Nateete, kitongoji cha Kampala, bila kufundishwa mji, nani alikaa upande gani wa barabara, nani alipanda ghorofani kwanza na kwa nini, tulifanyaje umati ulipotuzingira, hayo yako vichwani mwa wazee wa miaka sitini na kitu na sabini, na kila mwaka tunapungua. Chuo chochote cha kijeshi kikitaka kutuhoji, kila wilaya ina mshauri wa mgambo, na ofisi yake inatufahamu wengi wetu kwa majina. Waje mapema asubuhi. Mchana baadhi yetu tunakuwa ziwani.

Ni mimi,
Staff Sajenti mstaafu,
Musoma